Moshi wa Lipingo na Daraja la Ukata

Mbinga, Alhamisi jioni

Benigna mwanangu,

Sanduku lako nimeliona. Niliingia chumbani kwako kutafuta ungo wangu, nikakuta limefunguliwa na nguo zote zimerudi kwenye kamba, hata lile gauni la bluu ambalo mdogo wako alikwisha kulihesabu kuwa lake. Kwa hiyo nimekaa hapa jikoni, maharage yako motoni, namwandikia barua mtu anayeondoka kesho na papo hapo haondoki. Katika miaka yangu yote ya kutangaza sijapata habari ya namna hii.

Sitakuambia habari ya sweta. Shangazi yako Kolumba amekwisha kuyasema yote: sweta, maji ya kuchemsha, mlango wa kufunga kwa komeo, wanaume wa Songea. Hakubakiza kitu, na kama alibakiza atakupigia simu. Mimi nataka tuzungumze kazi, kwa sababu kazi ndiyo iliyokuliza wiki hii. Jana mezani uliposema huendi tena kwenye kazi ya redio Songea, kwamba utabaki utusaidie kahawa, uliona baba yako alivyoongeza sahani ya pili ya ugali hali ameshiba. Ndivyo alivyo akikosa la kusema. Lakini tusidanganyane. Wewe na kahawa wapi na wapi? Unachuma mbichi pamoja na nyekundu, kisha unakaa chini ya mbuni na simu yako mpaka jua linazama. Kahawa yetu haijakukosea lolote hata uibakie.

Najua kilichotokea. Mji mzima unajua, ndiyo hasara ya kukosea redioni. Jumamosi asubuhi ulikuwa peke yako studio, mvua imenyesha usiku kucha, ikaingia picha kwenye lile kundi la vijana wa Ukata: daraja limekatika, maji mekundu yanapita. Chini yake watu wanaandika, daraja letu limekwenda, poleni ndugu zetu. Ukaitangaza. Ukawaonya wasafiri wazunguke kwa barabara ya juu. Nia yako ilikuwa njema, nami nilikuwa nakusikiliza hapa hapa jikoni, nikajisifu kwamba mwanangu ana sauti.

Kumbe daraja la Ukata lilikuwa limesimama pale pale. Ile picha ni ya daraja la watu wengine, Mungu ndiye anajua la wapi. Na asubuhi hiyo hiyo Skolastika wa Ukata alikuwa anatolewa kwao kwenda kanisani kufunga ndoa. Nyumba nzima walikuwa wamefungulia redio yetu wakisubiri kusikia salamu za harusi. Badala ya salamu wakasikia daraja. Wakazunguka, bibi harusi, wazazi, kwaya na ngoma zao, kwenye tope lile. Walipofika kanisani gauni lilikuwa na matope mpaka magotini, kwaya imekaukiwa sauti kwa kuimba njia nzima, na padre alikwisha kwenda kigango kingine kuzika. Ndoa ikafungwa jua likizama. Nasikia kwenye picha maharusi wanaonekana meno tu.

Ulisoma masahihisho saa nne, sauti ikitetemeka. Tangu hapo hujashika hata kinasa sauti. Unasema mtu wa namna hii hafai kwenda kutangazia mkoa mzima. Hilo ndilo nataka kukujibu, na jibu langu ni refu, limeanzia Lipingo.

Habari ya moshi unaijua nusu. Unaijua kama baba yako anavyoisimulia harusini akishakunywa, na yeye hujipa sehemu kubwa kuliko aliyokuwa nayo. Leo nakupa yote.

Nilikuwa na umri kama wako sasa. Msichana wa Kimatengo, nimekulia Ukata huko huko kwenye mashamba ya ngoro, nikijua kuchimba mashimo ya mlimani na kupanda maharage juu ya kingo zake, na ziwa nikilijua kwa kuliona mbali siku anga ikiwa safi. Redio yetu ya mjini ikanituma Lipingo kutafuta habari ya darasa jipya la shule. Nilipewa kinasa sauti cha kaseti, nikakining'iniza shingoni kama rozari, nikatembea nacho hata mahali ambapo hapakuwa na haja ili watu wakione.

Alasiri nikatoka shuleni nikashuka ufukweni. Nikaona moshi. Si moshi wa moto wa kuota, mwanangu. Nguzo nne tano nyeusi zimesimama juu ya maji mpaka mawinguni, na boti ya abiria iliyotoka Mbamba Bay inaingia katikati yake, inaingia, haionekani tena. Kwetu milimani moshi ni moshi. Ukiuona umesimama hivyo, ama mtu anachoma majani ya shamba, ama nyumba inaungua. Na ziwani hakuna shamba.

Pale ufukweni watu walikuwa tele. Wanawake na watoto wanakimbilia majini na vikapu na vyungu, wanaitana, wengine wanaingia kwenye mitumbwi. Mimi nikaelewa, kwa akili yangu ya mlimani, kwamba wanakwenda kuzima moto. Nikamshika mama mmoja mkono nikamuuliza nani wamo ndani ya ile boti. Hakuwa na nafasi na mimi. Akanijibu huku anakimbia kwamba wamo wengi, yumo Otmari, mtoto wa Mama Joyce.

Hapo tusimame kidogo. Nilimuuliza nani wamo. Sikumuuliza kile ni nini. Swali dogo kabisa, swali ambalo mtoto wa chekechea angeliuliza, mimi sikuliuliza, kwa sababu nilidhani najua jibu. Wewe nawe Jumamosi uliuliza kwenye kundi barabara ya kuzungukia inapita wapi. Nimeliona swali lako, mdogo wako alinionyesha. Zuri, la mtu anayejali wasafiri. Lakini hukuuliza picha imepigwa na nani. Mjomba wako Fidelis anakaa pale, mlango wake unatazama daraja. Ungempigia, angetoka nje na kikombe chake cha chai, akatazama, akakuambia. Tumezaliwa tumbo moja katika kosa hili, Benigna, ndiyo maana siwezi kukucheka peke yako.

Basi nikakimbia mpaka misheni, ambako kulikuwa na redio ya upepo. Bruda wa zamu hakuwa ametoka nje tangu asubuhi, akanisadiki, akaniunganisha na mjini. Haikuchukua muda redio yetu ikakatiza muziki na kutangaza kwamba boti inaungua Ziwa Nyasa karibu na Lipingo, na miongoni mwa waliomo ni kijana Otmari wa hapo hapo. Mhariri akaniambia nirudi nikarekodi sauti za wafiwa. Nilitoka pale misheni kifua mbele. Nakuambia ukweli, watu wanaungua na mimi nilikuwa na furaha. Utakutana na furaha hiyo katika kazi hii, na haina haya. Ukiiona inakuja wakati watu wanalia, kaa chini kwanza mpaka ipite.

Mama Joyce, bibi yako, hakuwa ufukweni siku hiyo. Alikuwa ndani kidogo, kwenye mpunga, na redio yake iko juu ya kichuguu. Nilipofika nyumbani kwake kilio kilikwisha kuanza. Mbuzi ameshachinjwa, wanawake wanatwanga muhogo, wanaume wawili wametumwa ufukweni wakaangalie kama kuna miili. Bibi yako alikuwa amekaa mkekani, miguu imenyooshwa, hana kitenge kichwani. Nikapita katikati ya watu nikisema samahani, samahani, redio. Nikapiga magoti, nikabonyeza kitufe, nikamwekea kinasa sauti mdomoni.

“Mama,” nikamwambia, “unajisikiaje?”

Akanitazama. Akatazama miguu yangu iliyojaa vumbi, akatazama midomo yangu. Kisha akakichukua kile kinasa sauti taratibu, akakilaza mkekani, akanishika mkono.

“Mwanangu, umekula?”

Nimehojiwa na kuhoji miaka mingi, sijaulizwa swali lililonivunja kama lile. Tangu asubuhi sikuwa nimekula, na katika nyumba nzima aliyeliona hilo ni mwanamke niliyemwambia mtoto wake anaungua. Nililia. Watu wakadhani nalia msiba. Kama kuna shule ya uandishi niliyosoma, nilisoma pale, kwa swali moja, na mwalimu hakujua kwamba anafundisha. Yule unayemwekea kinasa sauti ni mtu kabla hajawa habari. Mwangalie miguu, mwangalie midomo, ndipo umuulize.

Sasa yale yaliyofuata ndiyo baba yako anayapenda.

Ule haukuwa moshi. Ni wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, wanaoibuka majini kwa siku zao na kupanda angani wakizunguka kwa wingi usiosemeka, na kwa mbali huwezi kuwatofautisha na moshi wa tanuru. Wenyeji wanawangojea kwa hamu. Wanawakamata kwa vikapu na vyungu, wanawaponda, wanafinyanga mikate, wanakaanga. Umewala kwa bibi yako hujaota hata jino. Boti ilizima injini tu, abiria wakafunika pua na nguo, wakangoja wadudu wapite. Na wale wanaume wawili waliotumwa kuangalia miili, walipofika ufukweni na kuona hakuna msiba bali mboga, walisahau kurudi. Wakashika vikapu na wao.

Kwa hiyo Otmari akateremka salama na mfuko wake begani, akapanda kwenda kwao. Alipokaribia akasikia kilio kinatoka kwenye nyumba yao wenyewe. Baba yako ni mtu wa adabu tangu utoto. Akavua kofia, akaanza kulia tangu kwenye migomba, kabla hajajua amekufa nani. Akaingia ameinamisha kichwa, akakaa upande wa wanaume, akalia nao. Mwisho akamwinamia mzee aliyekuwa karibu naye akamuuliza kwa sauti ya chini marehemu ni nani. Yule mzee, huku anafuta machozi, akamjibu, “Otmari.” Kisha akageuka kumtazama anayeuliza.

Mzee yule alitoka kwa kupitia dirishani, na dirisha lilikuwa dogo.

Siwezi kukueleza vigelegele vya jioni ile. Bibi yako alimshika mwanawe mashavu, masikio, pua, kama mtu anayechagua boga sokoni. Mbuzi wa msiba akaliwa kwa ngoma, na wale wawili wakarudi na vikapu vimejaa, wakashangaa kukuta sherehe. Nami nilikula. Nilikula kuliko wote, kwa sababu kila aliyepita aliambiwa na Mama Joyce ampe yule mtoto wa redio, hajala tangu asubuhi.

Ila kesho yake asubuhi watu wakakumbuka kuuliza. Nani alitangaza? Hakuna aliyehitaji kunitaja, maana mle ndani mwenye kinasa sauti alikuwa mmoja tu. Nikasema mbele yao kwamba nimekwisha kwenda misheni, nimewapigia mjini, wameahidi kusoma masahihisho. Na kweli walisoma, sentensi moja, baada ya matangazo ya sabuni. Mjomba mmoja akataka nifukuzwe. Mwingine akataka nipelekwe kwa mtendaji. Bibi yako akawaacha wamalize.

Unajua desturi ya kule ziwani. Habari ya msiba haipigwi kelele njiani. Anatumwa mtu, kwa miguu, nyumba kwa nyumba ya ndugu. Akifika hasemi akiwa amesimama. Anakaribishwa, anakaa, anapewa maji, wanasalimiana mpaka salamu ziishe, ndipo anafungua mdomo. Kwa hiyo ndugu wa Otmari, waliotawanyika pwani nzima mpaka Chiwanda karibu na mpaka wa Msumbiji, walikuwa wamepata habari bila kukalishwa wala kupewa maji. Hilo lilimuudhi bibi yako kuliko hata moshi wenyewe.

“Kilio umewapelekea kwa redio,” akaniambia. “Furaha utawapelekea kwa miguu.”

Nikamuuliza nitaaminiwaje, mtu mmoja ambaye amekwisha kusema uongo. Akasema nitakwenda na Otmari mwenyewe wamguse. Na kwa kuwa haiwezekani msichana na mvulana waongozane pwani nzima peke yao, akamtoa binti yake Kolumba atembee katikati yetu. Shangazi yako aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Kama njia ilikuwa nyembamba ya kupita watu wawili, alihakikisha mmoja wao ni yeye.

Tulitembea siku kadhaa. Mchanga, mawe, mito ya kuvuka nguo zimekunjwa, samaki wa kuchoma kwa ndugu wa huku, ugali wa muhogo kwa ndugu wa kule. Kila nyumba nilikaa, nikapewa maji, nikasalimia. Shikamoo mama, shikamoo baba, za hapa, za mashamba, za watoto. Ndipo nikasema: mimi ndiye niliyetangaza kwamba Otmari anaungua. Sikuuliza mtu kabla ya kutangaza. Otmari huyu hapa. Kisha nikanyamaza, maana baada ya hapo zamu ilikuwa yao.

Nyumba ya kwanza nilitamani ardhi ipasuke. Nyumba ya pili niliisema bila kulia. Kufika ya tano au ya sita nikagundua kitu cha ajabu: watu wakishamaliza kumpapasa Otmari na kunigombeza, hawakuniacha niondoke. Walianza kunisimulia. Bibi mmoja akanieleza jinsi mume wake alivyopotea ziwani kweli na kurudi. Binti mmoja akanieleza kwa nini aliacha shule, jambo ambalo mwalimu mkuu wa Lipingo alikuwa amenificha mchana kutwa. Walinisimulia kwa sababu nilikuwa nimekaa chini na nimekwisha kujieleza kwamba nami ni mtu wa kukosea. Kinasa sauti kilikuwa ndani ya mfuko. Habari nzuri kuliko zote nilizowahi kutangaza zilianzia kwenye safari ile ya adhabu.

Kule Chiwanda, mwisho wa safari, kulikuwa na babu mmoja, mjomba wa bibi yako, ambaye alipopata habari redioni alinyoa nywele zote kwa msiba. Tulimkuta kichwa kinang'aa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamgusa Otmari bega, akajipapasa utosi. Akasema nywele zake zitaota, ila redio yangu hataifungulia mpaka ziote. Akaifungulia mapema zaidi. Tulipata barua yake kabla ya Krismasi akilalamika kwamba betri zake zimekwisha kwa kunisubiri mimi.

Mengine unayajua. Siku ya kurudi, Kolumba alichomwa na mwiba, akabaki nyuma akiutoa. Hakubaki muda mrefu, lakini baba yako alikuwa amejiandaa tangu Mbamba Bay. Aliniambia kwamba hajawahi kuona mtu anayeomba radhi nyumba zote hizo bila kumtupia mwingine lawama, na kwamba angependa mtu kama huyo awe anamkosea yeye kila siku. Huo ndio uchumba wangu, mwanangu. Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Sasa nikupe machache niliyobakiza, si kwa mpango, maana maharage yanataka kuungua na mimi nimekaa nayo.

Watu watakuambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni msemo mzuri wa kusemea jirani. Mwandishi akiuamini amekwisha. Lisemwalo lifuate mpaka kwake, ukalione linakaa wapi. Na picha vilevile. Picha haisemi uongo, lakini inaweza kuwa inasema ukweli wa mahali pengine.

Usione aibu kuchelewa. Watakuja vijana wenzako watakaotangaza kabla yako, watakucheka. Waache. Mimi kwenye habari ya boti nilikuwa wa kwanza Tanzania nzima.

Jina la mtu liulize, kisha lirudie mbele yake. Ukimkuta mzee anasitasita, usimjazie neno. Nilijifunza kwa bibi yako kwamba ukinyamaza kwa upole mtu atalileta mwenyewe, na mara nyingi ataleta lile ambalo hukujua kuliuliza. Ukipewa ugali, kula. Wanaoogopa ugali wa watu huandika habari zenye njaa.

Na upende raha yake, maana ipo. Juzi sokoni nilikuwa nabishana bei ya nyanya, mama mmoja ameinama kwenye mafungu yake akainuka ghafla akaniambia, wewe ni yule wa kipindi cha wakulima, sauti hiyo inaingia kwangu kila Jumamosi, nikikusikia nasahau mgongo. Hakuwahi kuniona. Nilirudi na nyanya za bure na kichwa kimevimba, baba yako alinivumilia siku mbili. Kuingia nyumba za watu bila kugonga, wakafurahi kwamba umeingia: hiyo ni heshima, Benigna, na sauti uliyo nayo wewe ni nzuri kuliko yangu. Nimeisikia ikitetemeka wakati wa masahihisho, nikafurahi. Ingekuwa imenyooka ningeogopa.

Kwa hiyo unaposema hufai, mama yako anakukatalia. Asiyefaa ni yule ambaye angekosea, asome sentensi moja, alale usingizi. Wewe hulali. Lakini kutolala nako hakumsaidii Skolastika. Masahihisho uliyasoma saa nne, na saa nne Skolastika alikuwa kwenye tope, hana redio. Nimeulizia. Mpaka leo hakuna mtu aliyekwenda kwake kumwambia: ni mimi.

Unaogopa Songea, lakini mimi naona unaogopa Ukata. Ndiyo maana sanduku halifungiki. Ukienda Songea bila kupita Ukata utakuwa mtangazaji mwoga, na ukibaki hapa na kahawa utakuwa mchumaji mbaya na mwoga juu yake. Kazi yako inaanza Jumatatu. Basi la Songea lipo kesho, lipo na Jumamosi. Kesho naomba usilipande. Kesho asubuhi panda gari la Ukata, mikono mitupu, usichukue zawadi wala kinasa sauti. Ufike, ukaribishwe, ukae, upewe maji. Salamu ziishe. Kisha sema yale matatu: mimi ndiye niliyetangaza, sikuuliza mtu, daraja lilikuwepo. Na unyamaze. Sitakwenda nawe, na Kolumba nimemkataza. Jumamosi upande basi la Songea na sanduku lako, baba yako atalibeba mpaka stendi, na atalia, kwa hiyo ujiandae.

Huenda unajiuliza kama Skolastika atakupokea. Nami nilijiuliza. Jioni hii kabla sijashika kalamu nilimpigia simu. Sikumwomba akusamehe, hiyo si kazi yangu. Nilimwambia tu kwamba mwanangu angependa kuja kuwaona kesho, kama wapo. Akaniambia nisubiri. Nyuma yake nilisikia watu wanacheka, mume wake na mawifi nadhani, kisha akarudi kwenye simu.

“Aje,” akasema. “Ila apite darajani, mama. Mimi nitasimama upande huu namtazama.”

Mama yako